Geiriadur Prifysgol Cymru: nimeipima kwa neno moja tu, wrth

Wadau wa lugha, leo nataka niongelee kamusi moja ya Kiwelisi, lugha ya Welisi (Wales), ambayo naona wanaojifunza wengi wanaiogopa bure tu. Inaitwa Geiriadur Prifysgol Cymru, yaani Kamusi ya Chuo Kikuu cha Welisi, wenyewe wanaifupisha GPC. Iko kwenye intaneti, iko kwenye simu, hulipi chochote. Sasa badala ya kuisifia juu juu nimeamua niipime kwa neno moja, kihusishi wrth, maana hiki ndo kihusishi kinachotoa watu jasho, na kamusi ikikiweza hiki basi ujue inajua kazi yake.

Kwa nini wrth? Kwa sababu ukianza kujifunza utaambiwa maana yake ni "kando ya" au "karibu na", na mwanzoni inakubali kabisa, wrth y drws ni pale mlangoni, wrth y bwrdd ni mezani, hamna shida. Halafu unakutana na dweud wrth Mam, kumwambia mama. Unakutana na wrth gerdded, huku unatembea. Adnabod rhywun wrth ei lais, kumtambua mtu kwa sauti yake. Caredig wrth blant, mwema kwa watoto. Wrth gwrs, bila shaka. Wrth fy modd, nimefurahi kweli kweli. Na hii sasa, rhaid wrth amynedd, yaani hapa subira inahitajika. Mtu anajiuliza hivi "kando ya" imetembea njia gani mpaka ikafika kwenye "subira inahitajika"?

Apu moja ya kujifunzia niliyokuwa natumia, sitaitaja, ilikuwa inanipa wrth na tafsiri ya neno moja, sentensi inayofuata wrth ile ile imegeuka kitu kingine, ya tatu kitu kingine tena, na maelezo hakuna, unabonyeza unapata alama unasonga mbele. Unaweza kumaliza masomo yote ya hivo ukawa na kumbukumbu ya sentensi kibao lakini neno lenyewe hulijui. Vihusishi havifundishiki hivo. Kihusishi kina historia, na ukishaijua historia yake maana zote zinaanza kukaa kwenye mstari mmoja.

Hapo ndo GPC inapowaacha wengine mbali sana.

Kurasa zake zinavokaa ni hivi. Juu kuna neno lenyewe, pembeni ufupisho unaosema ni neno la aina gani, kwa wrth utaona ardd., ambayo ni arddodiad, kihusishi. Kuna mabano ya mraba yanayoeleza asili. Halafu maana kwa Kiwelisi, zikifuatiwa na maneno ya Kiingereza yanayolingana nazo, na chini ya kila maana kuna mifano iliyopangwa kwa umri, wa zamani kabisa unatangulia. Ukiona 13g. ujue ni karne ya 13. Ukiona 1567 TN hilo ni Agano Jipya la mwaka 1567, kazi ya William Salesbury kwa sehemu kubwa, na 1588 ni Biblia nzima ya kwanza ya Kiwelisi, ya William Morgan. Kwa hiyo hupewi maana tu kwamba shika hii, unaoneshwa kila maana ilianza kuonekana lini kwenye maandishi na nani aliiandika, unateremka nayo karne kwa karne.

Tuanze na asili maana ndo yenye utamu. Wrth ina ndugu zake kwenye lugha za jirani, Kikornishi kina orth, Kibretoni kina ouzh, Kiayalandi cha kale kina fri na frith. Zote zinarudi kwenye mzizi mmoja wa zamani sana wenye maana ya kugeuka, mzizi ule ule uliozaa vertere ya Kilatini, kugeuza, na versus, kuelekea. Kwa hiyo picha ya mwanzo kabisa ya wrth siyo "kando ya", ni kugeukia kitu, uso wako umeelekea kule.

Sasa shika hiyo picha halafu rudi kwenye ile orodha. Aliyekaa wrth y bwrdd amekaa ameielekea meza. Unapomwambia mtu neno unamgeukia, ndo maana dweud wrth. Ukiwa mwema kwa watoto wema wako umewaelekea. Unapomtambua mtu kwa sauti yake unaigeukia sauti ndo ikupe jibu. Wrth gerdded, shughuli yenyewe ndo umeielekea wakati jambo jingine linatokea. Sisemi kila hatua imeandikwa hivi mbele yako, kamusi inakuwekea mzizi, ndugu zake na mifano, kuunganisha unaunganisha mwenyewe, ila kila unachohitaji kuunganishia kipo pale.

Na kwa sisi tunaotumia Kiswahili kuna kitu kinatufanya tuielewe wrth haraka kuliko wengine. Fikiria neno mkabala. Nyumba iliyo mkabala na yako ni ile inayokutazama, hamna ugomvi wowote hapo, mko uso kwa uso tu. Lakini ukisema kukabiliana na adui, uso kwa uso ule ule umeshakuwa vita. Kiwelisi kimefanya hivo hivo kabisa na mzizi huu. Upande mmoja wrth ikabaki tulivu, mlangoni, mezani, kumwambia mama. Upande mwingine ikawa kiambishi gwrth-, na hiki ni cha upinzani moja kwa moja: gwrthod ni kukataa, gwrthryfel ni uasi (rhyfel ni vita), gwrthwyneb ni kinyume, na ndani yake kuna wyneb ambayo ni uso, yaani kinyume kwao ni uso ulioelekea upande wa pili. Hata dawa za kuua bakteria wanaziita gwrthfiotig. Kiayalandi nacho kimechukua frith- yake kikaitumia vile vile kwa mambo ya kupinga.

Utauliza hiyo g ya gwrth- imepotelea wapi kwenye wrth. Kiwelisi kina tabia ya kulainisha herufi ya kwanza ya neno, na g ikilainishwa inapotea kabisa, gafr ni mbuzi lakini "yule mbuzi" ni yr afr. Vihusishi ni maneno madogo yanayotamkwa haraka haraka bila mkazo kwa hiyo vingi vimelainika na havikurudi tena, gwrth ikabaki wrth, can ikawa gan, tros ikawa dros, trwy ikawa drwy. Ukishalijua hilo gwrth- na wrth unaziona kama neno moja lililovaa nguo mbili. Mi binafsi hiki ndo kilinifanya niipende hii kamusi, maana msamiati wa maneno kadhaa makubwa makubwa umekuja wenyewe kwa kuelewa kineno kimoja cha herufi nne.

Jambo la pili ambalo mifano ya GPC inalionesha vizuri ni kitenzi gani kinatembea na kihusishi gani. Kwenye Kiswahili kazi hii tunaifanyia ndani ya kitenzi, unaandika, unamwandikia, unapeleka, unampelekea, hata ambia yenyewe imetoka kwenye amba. Kiwelisi hakina hiyo mashine ndani ya kitenzi, kihusishi ndo kinabeba, na kila kitenzi kina chake: dweud wrth ni kumwambia, ysgrifennu at ni kumwandikia, gofyn i ni kumuuliza, siarad â ni kuzungumza naye, gwrando ar ni kumsikiliza. Ukibadilisha hapo, ukasema dweud i, Mwelisi atakuelewa lakini atajua papo hapo kwamba umetafsiri kichwani. Kwenye kamusi ndogo hivi vitu unavitafuta kwa tochi. Kwenye GPC unasoma mfano wa karne ya 13 dywedut iko na wrth, unashuka kwenye Biblia iko na wrth, unafika maandishi ya juzi bado iko na wrth, mpaka inaingia kwenye damu.

Na vihusishi vya Kiwelisi vinabeba na mtu pia. Ukisema "kwake" husemi wrth halafu "yeye", unasema wrtho. Kwa maneno ya kuongea ni wrtha i, wrthot ti, wrtho fe ukiwa kusini au wrtho fo ukiwa kaskazini, wrthi hi, wrthon ni, wrthoch chi, wrthyn nhw. Watu wanalia hapa, wanasema lugha gani inanyambua kihusishi, lakini jamani sisi tunasema nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao kila siku na hatujawahi kuona ajabu. Chukua "mwambie". Kiwelisi ni dwed wrtho. Ile mw- yetu iliyokaa mbele ya kitenzi ndo ile -o yao iliyokaa mwisho wa kihusishi, mtu ni yule yule kahamishiwa tu chumba kingine.

Kuna umbo moja hapo ningependa usilipite, wrthi. Kwa sarufi ni "kwake yeye mwanamke". Lakini Mwelisi akikwambia dw i wrthi'n coginio hamna mwanamke yeyote kwenye habari hiyo, anasema ndo niko kwenye kupika, kazi inaendelea hapa nilipo. Maen nhw wrthi, wako kazini wanaendelea. Hii unaisikia kila saa kwenye mazungumzo na usipoijua unabaki unatafuta huyo dada ni nani.

Halafu wrth fy modd. Hii nitaikalia kidogo kwa sababu ndo inaonesha jinsi ya kuitumia GPC bila kupotea. Ukitafuta modd kwenye kamusi utaipata, ila utaambiwa ni namna, njia, neno lililotoka kwenye modus ya Kilatini, na ukilichomeka kwenye sentensi halikai. Neno unalolitaka ni bodd, ridhaa, raha, kinachompendeza mtu. Fy, "yangu", inaigeuza b kuwa m, kwa hiyo fy modd. Ukimsema mwanaume ni wrth ei fodd, mwanamke ni wrth ei bodd, ninyi ni wrth eich bodd. Modd, fodd, bodd, zote tatu hapa ni neno lile lile. Kwa hiyo kabla hujasema kamusi haina neno jiulize kwanza herufi ya mbele ilikuwa ipi kabla haijageuzwa, unaingia kwa b unakuta kila kitu. Na maana ya wrth pale inakaa vizuri tu, mtu aliyegeukia raha yake.

Wrth law na wrth gefn nazo nazipenda kuziweka pamoja. Llaw ni mkono, wrth law ni kilicho karibu unakifikia. Cefn ni mgongo, wrth gefn ni kilichokaa nyuma yako kinasubiri, yaani kile tunachosema kipo kibindoni. Mwili mmoja, mbele na nyuma.

Kwa wasomaji wa Biblia kuna mfano mmoja utawakaa kichwani daima. Mathayo 7:16, "Mtawatambua kwa matunda yao", kwa Kiwelisi ni Wrth eu ffrwythau yr adnabyddwch hwynt. Ona wrth imekaa pale pale ilipokaa "kwa" yetu. Kwa kweli "kwa" ndo msaidizi mzuri wa kuanzia ukitaka kuielewa wrth, inabeba mengi vile vile, kwa Juma, kwa sauti yake, kwa kilo. Na wao wanauza wrth y pwys, kwa ratili. Haziendi sambamba mpaka mwisho, maana "kwa mguu" wrth haifai, lakini kama pa kuanzia panatosha.

Sasa niseme kidogo kuhusu waliotengeneza maana wanastahili. Kazi ilianza 1921, wasomaji wakipitia vitabu na miswada ya zamani wanaandika maneno kwenye vikaratasi, na vikaratasi hivyo vikafika zaidi ya milioni 2. Sehemu ya kwanza ilichapwa 1950, ya mwisho 2002, juzuu 4, kurasa karibu 4,000. Ofisi zao ziko Aberystwyth, jirani na Maktaba ya Taifa ya Welisi. Juzuu ya pili, inayoanzia G, ilikamilika 1987, na ya nne inayobeba W ikakamilika 2002. Maana yake aliyekuwa na juzuu zake mezani alikuwa anayo gwrthod na gwrthryfel kwa miaka mingi kabla ya kuifikia wrth yenyewe. Mwaka 2014 yote ikawekwa kwenye intaneti bure, 2016 zikaja apu za Android na za aifoni, na leo safari hiyo ya gwrth- mpaka wrth unaifanya kwa kubonyeza mara mbili. Na bado wanaendelea, wanarudia herufi za mwanzo na kuongeza maneno mapya. Lugha ambayo sensa ya 2021 ilihesabu wazungumzaji wapatao 538,000 ndani ya Welisi, asilimia 17.8, halafu ina kamusi ya kina namna hii iliyofunguliwa kwa dunia nzima, mi kila nikiifungua naona heshima kubwa sana kwa watu wale.

Nani isimfae? Kama ndo unaanza wiki ya kwanza unataka kujua kuomba chai, usianzie hapa, utachoka. Maelezo yako kwa Kiwelisi kwanza na Kiingereza kinakuja kama msaada, kwa hiyo usipokuwa na angalau moja ya hizo huendi popote. Vifupisho ni vingi mno, eg. ni nomino ya kiume, eb. ya kike, Crn. ni Kikornishi, Llyd. ni Kibretoni, Gwydd. ni Kiayalandi, na majina ya vitabu vya zamani yamefupishwa mpaka yamebaki herufi mbili tatu. Jitahidi uvizoee vile vya msingi, vingine vitakuja. Tahajia ya mifano ya kale inatisha pia, usiihangaikie, tafuta tu neno lako liko wapi kwenye sentensi na limeshikana na nani. Ukiona Ar lafar ongeza umakini, hapo wanaeleza watu wanavyosema mdomoni na ni mkoa gani, na hiyo ndo inakusaidia usiongee kama Biblia ya 1588 ukiwa dukani.

Na usitegemee ikufundishe kuongea. Wrthyf, wrthyt, wrthym, wrthych, wrthynt, hayo ni maumbo ya kimaandishi, utayasoma kwenye ushairi na maandiko rasmi, lakini mtu wa kawaida anasema wrtha i na wrthyn nhw. Hilo jifunze kwa kusikiliza watu.

Pia kwa maneno ya maana moja tu, meza, dirisha, kijiko, hii ni kubwa kupita kiasi, kamusi yoyote ya mfukoni inatosha. Nguvu yake iko kwenye vineno vidogo hivi, wrth, gan, ar, am, at, vile ambavyo kamusi ya mfukoni inavipa mstari mmoja.

Kwa upande wangu ni nyota tano kwa yeyote aliyeshapita hatua za mwanzo na anataka kuacha kubahatisha vihusishi. Ukiifungua leo anza na wrth, soma mifano mitatu minne ya kila maana bila haraka, halafu nenda gwrthwyneb uone ule uso, halafu malizia na oddi wrth, kutoka kwa mtu, ile inayoandikwa kwenye barua na kadi kabla ya jina la aliyetuma, maana ukishajua wrth ni kumgeukia mtu, hiyo oddi wrth hutahitaji kuielezwa. Kesho yake fungua gan. Mae gen i wanasema kaskazini, "kipo nami", ndo "ninacho", na mwenye "na" ndani ya "ninacho" yake hatapata tabu hata kidogo kuona kilichotokea pale.